Taya Lililonuka Nywele

Chama cha Visukuku cha Mto Chassatee kina njia mbili za kutenganisha mfupa wa kale na mfupa wa juzi, na Mpelelezi Verna Thigpen alionyeshwa zote mbili kabla kahawa yake haijapoa.

"Weka ulimi," Bwana Harlan Sikes alimwambia, akimsogezea kipande cheusi cha mfupa.

"Samahani?"

"Weka ulimi, afande. Huyu farasi alikufa miaka elfu kumi na mbili iliyopita. Hawezi kukuuma."

Verna alikuwa amefanya kazi miaka kumi na sita katika ofisi ya sherifu wa kaunti. Kwa ajili ya serikali alishanusa mengi na kugusa mengi, lakini kulamba hakuwahi. Aliweka ncha ya ulimi. Mfupa ukaung'ang'ania, na alipouvuta ukaachia taratibu, shingo upande.

"Mfupa wa kale una kiu," Sikes alisema, kidevu juu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja, posta mstaafu, mwenyekiti wa chama kwa mwaka wa kumi na moja. "Mafuta yote yameshatoka, vimebaki vitundu vitupu, kwa hiyo unavuta mate. Sasa lamba hili."

Hili lilikuwa taya la chini, la upande wa kushoto, refu kuliko kiganja chake na vidole vyake, meno yote meusi na yanang'aa. Verna alilamba. Halikushika hata kidogo. Ulimi uliteleza kama umelamba sahani.

Njia ya pili ilikuwa sindano. Sikes aliichoma kwa kiberiti mpaka ncha ikawa nyekundu, akaigusisha chini ya taya, mahali pasipoonekana. Kijimoshi kikapanda, na meza nzima ikanuka nywele zilizoungua, ile harufu ya saluni siku kitana cha moto kikizidishwa.

"Umeisikia? Kisukuku hakinuki. Kinachonuka, juzi tu kilikuwa na nyama." Aliiweka sindano chini. "Hilo ni taya la mbwa, afande. Taya la Emory Hatcher limeibwa, na mwizi ameweka mbwa mahali pake."

Verna alichukua kadi iliyokaa kabatini pamoja na taya. Ilikuwa na mwandiko wa Hatcher mwenyewe, herufi ndogo zilizonyooka: taya la chini, kushoto, mbwamwitu mkubwa wa kale, kona ya Mkuyu Ulioanguka, gego la mkasi milimita thelathini na nne. Hatcher alikuwa amelitoa mtoni miaka ishirini na miwili iliyopita, na alikuwa kaburini sasa mwaka wa nane. Makumbusho ya chama, ambamo walikuwa wamekaa, yalikuwa stesheni ya zamani ya treni, vyumba vitatu na jiko, na kati ya vyote vilivyomo, hicho ndicho kitu pekee ambacho watu wa mbali waliwahi kukiomba. Jumanne, mbele ya wanachama kumi na wanne, kabati lilifunguliwa ili taya lifungwe na kupelekwa kwa mkopo kwenye maonyesho ya jimbo. Sikes akaliweka ulimini kwa kuliaga, na balaa likaanzia hapo.

"Mara ya mwisho mlilipima kwa ulimi lini, kabla ya Jumanne?"

"Hatukuwahi."

"Miaka ishirini na miwili?"

"Tungelipima ya nini? Nilikuwa nimeshika mtumbwi siku Emory alipoibuka nalo. Alikuwa analia ndani ya miwani ya kuzamia. Akaenda nalo nyumbani kulikausha, akalirudisha baada ya mwezi, likaingia kabatini." Sauti yake ilikwaruza kidogo. Alimpenda Hatcher, hilo lilionekana wazi. "Ufunguo wa kabati ni mmoja tu, na anao Ozella wa usafi. Kikulacho ki nguoni mwako, afande. Miaka kumi na tisa tumemwachia nyumba nzima."

"Na mbwa mwenye taya kubwa hivi angempata wapi?"

"Jirani yake ni Travis Lundy. Lundy alikuwa na jibwa la kilo themanini. Limekufa mwezi wa tatu." Sikes aliegemea kiti. "Fanya hesabu mwenyewe. Mimi saa tisa nakuja ofisini kwenu kutia sahihi hati ya malalamiko."

"Usije. Nitarudi mimi," Verna alisema. Aliliweka taya kwenye boksi la pamba, akaandika namba ya kielelezo juu ya kifuniko, akamfanya Sikes atie sahihi ya makabidhiano.

Ozella Gaskins alikuwa jikoni akisuuza vikombe ambavyo waliomsingizia walikuwa wamenywea. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minne, mfupi, mwenye aproni iliyopigwa pasi. Hakugeuka mpaka kikombe cha mwisho kilipokaa kwenye kitambaa.

"Bi Ozella, mimi ni..."

"Nakujua. Mama yako tuliimba naye kwaya mwaka ule kanisa lilipofurika." Alifuta mikono. "Uliza moja kwa moja, mwanangu. Umri wa kuzungushwa nimeshaupita."

"Umechukua taya la Hatcher?"

"Sikulichukua."

"Ufunguo uko wapi?"

Akavuta uzi shingoni. Ufunguo ulikuwa kwenye uzi huo, pamoja na msalaba mdogo wa bati.

"Umewahi kumwazima mtu?"

"Hata mchungaji aliwahi kuniomba awaonyeshe wajukuu zake. Nikamwambia asubiri nimalize kudeki, nikaenda mwenyewe."

"Unalisafishaje?"

"Kila Ijumaa, kitambaa kikavu. Bwana Hatcher alinifundisha, Mungu amrehemu. Akaniambia, Ozella, vumbi futa, lakini maji yasiliguse kabisa, hata kitambaa chenye unyevu usilete. Aliniapisha kwa Biblia."

Verna aliandika. Kalamu ilisita kwenye neno maji, halafu ikaendelea. "Lundy ni jirani yako?"

"Ua kwa ua. Ananikatia majani, mimi nampikia kambare. Sasa hilo nalo limekuwa wizi?"

"Hapana."

"Nikuambie kitu nisichowaambia hao wa kule mezani." Bi Ozella alivuta stuli akakaa, na hapo ndipo uchovu wake ulipoonekana. "Binti yangu amefariki mwezi wa kumi na mbili. Ameniachia Keziah, ana miaka sita. Jumatatu saa tatu jaji anaamua, abaki kwangu au apelekwe kwa familia ya kulea iliyochaguliwa na serikali huko mji mkuu, watu asiowajua hata kwa sura. Mtoto huyu tangu msiba halali mpaka ashike sikio langu. Kila kitu nimekamilisha. Kitanda wamekikagua, friji wamelifungua, hadi meno yangu wameuliza. Jina langu likitokea kwenye karatasi ya wizi, Jumatatu hiyohiyo Keziah analala kwa wageni. Sikuombi unipendelee. Nakuomba ufanye haraka."

Verna alisema atafanya haraka. Hakuahidi zaidi ya hapo, kwa sababu hakuwa na cha kuahidi.

Travis Lundy aliishi mwisho wa barabara ya udongo, kwenye nyumba ya mbao iliyozungukwa na mitungi ya hewa ya kuzamia. Alikuwa jitu la mtu, ndevu mpaka kifuani, fulana ina tundu begani. Alimsikiliza Verna kibarazani huku akimenya karanga za kuchemsha, na aliposikia mbwa wake akitajwa akaacha kumenya.

"Nani kasema nimetoa taya la Biskuti?"

"Jibwa la kilo themanini liliitwa Biskuti?"

"Alikuwa mdogo nilipompa jina." Lundy alisimama. "Nani? Sikes? Mwambie huyo mzee aje aniambie mwenyewe. Na aje na meno ya akiba."

"Amezikwa wapi, Bwana Lundy?"

"Mwili uko pale chini ya mzambarau. Kichwa..." Uso wote ulibadilika, ukawa wa mtoto aliyekamatwa na sukari. "Ingia ndani. Lakini usicheke."

Ndani, juu ya rafu ya televisheni, fuvu la mbwa lilikaa kwenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono, mkanda wa shingoni umezungushwa mbele yake. Lilikuwa jeupe, safi, limechemshwa na kusuguliwa kwa mapenzi. Watu wa mifupa wana maombolezo yao. Taya zote mbili za chini zilikuwapo, kushoto na kulia, jino kwa jino.

"Mke wangu aliondoka kwa wiki moja nilipoliweka hapo," Lundy alisema. "Akarudi. Lakini anakula jikoni."

"Pole sana."

"Miaka kumi na moja, afande. Alikuwa ananisubiri ukingoni kila nikizama. Nikichelewa anabweka." Alifuta macho kwa mkono wenye maji ya karanga, akazidi kuyachoma. "Sasa nimtoe taya nimpe mtu?"

Basi, njia ya mbwa wa Lundy ilikuwa imefika ukutani. Mtu mwingine angemshukuru na kuondoka. Verna alirudi kwenye gari, akaleta boksi, akalifungua mezani karibu na fuvu.

"Una kipimio?"

Lundy alitoa kalipa ya chuma mfukoni, kama watu wengine wanavyotoa simu. Alipima kwanza gego kubwa la Biskuti, lile lenye makali marefu linalokata nyama pamoja na jino la juu yake. Watu wa mtoni huliita mkasi.

"Ishirini na sita. Na huyu alikuwa na kichwa kama ndoo." Akahamia kwenye taya la boksini. Alipima, akasogea dirishani, akapima tena. "Thelathini na nne."

"Tofauti hiyo ina maana gani? Nieleze kama mjinga."

"Mbwa tumemfuga, tumemnenepesha, tumemrefusha. Mwili tumeukuza, meno hatukuyakuza. Hata umlete mkubwa kuliko farasi, mkasi wake hautafika thelathini. Mbwamwitu wa siku hizi, wale wa baridi ya kaskazini, anafika thelathini, thelathini na moja akijitahidi sana." Aligonga kalipa kwenye jino. "Thelathini na nne ni mmoja tu, na hayupo tena duniani. Halafu tazama unene wa hapa chini ya magego. Tazama huu ufa unaopita kwenye chonge. Mimi nilikuwa navutwa na baba kwenda kuuangalia ufa huu nikiwa na miaka tisa. Ni yeye. Ni taya la Hatcher."

"Linanuka nywele likichomwa."

"Haiwezekani."

"Lilambe."

Lundy alilamba bila kuuliza mara mbili. Akatoa ulimi, akalamba tena upande wa pili. Mikunjo ikajaa kwenye paji la uso.

"Halishiki," alisema. "Basi sijui, afande. Meno yanasema kale, mfupa unasema jana. Sijawahi kuona mnyama wa namna hiyo."

Verna alikaa garini dakika kumi bila kuwasha injini, daftari magotini. Mambo mawili yalikuwa yanabishana, na katika kazi yake mambo mawili yakibishana hufaa kuuliza lipi kati yao linaweza kutengenezwa. Jino la milimita thelathini na nne hakuna binadamu anayeweza kulikuza. Ufa anaoukumbuka Lundy tangu utoto hakuna anayeweza kuuhamisha. Lakini harufu inaweza kupakwa. Na kitu kikipakwa juu ya mfupa wote, vitundu vinaziba, ulimi hauna pa kushika. Vipimo viwili vya Sikes vilikuwa vimefeli kwa sababu moja.

Akarudisha kurasa mpaka kwa Bi Ozella. Mfupa umekaa chini ya mto miaka elfu kumi na mbili, umeloa kuliko samaki, halafu aliyeutoa anamwapisha mwanamke wa usafi kwamba maji yasiuguse. Hatcher aliogopa maji yataondoa nini?

Hakujua. Lakini Sikes alikuwa amesema taya lilikaa mwezi mzima nyumbani kwa Hatcher kabla ya kuingia kabatini. Akawasha gari.

Karakana ya fidla ya Hatcher ilikuwa nyuma ya nyumba yake, na sasa iliendeshwa na binti yake, Avis, mwanamke mrefu wa miaka hamsini mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Fidla saba zilining'inia kwa shingo kutoka kwenye waya. Moja ilikuwa mezani imefunguliwa tumbo. Juu ya jiko dogo la umeme palikuwa na sufuria ndani ya sufuria, na ndani yake uji wa rangi ya asali. Verna alisimama mlangoni, pua juu.

"Nini hicho kinachemka?"

"Gundi. Usiinuse sana, utakosa hamu ya chakula cha mchana. Nikusaidie nini?"

"Gundi ya kitu gani?"

"Ya ngozi. Ngozi ya ng'ombe unaichemsha mpaka inakuwa hivyo. Mafundi wa fidla hatutumii nyingine." Avis alikoroga. "Ikikauka ni ngumu kuliko mbao. Lakini ukiipa maji ya moto inaachia, ndiyo uzuri wake. Fidla ikiharibika unaifungua bila kuivunja. Dada, umekuja kuleta chombo au umekuja kunusa?"

Verna alimwonyesha kitambulisho. Kisha akamwuliza baba yake alitumia gundi gani kwenye mifupa ya mtoni.

Avis aliacha kukoroga.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Wewe ndiye unaniambia sasa."

"Ni siri ya kijinga tu." Avis alicheka, kisha macho yakamlegea. "Mifupa ya mtoni ukiitoa inakauka, ikikauka inapasuka. Lazima uinyweshe kitu cha kuishika. Wenzake chamani walitumia plastiki iliyoyeyushwa kwa ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Baba hakuipenda, alisema karakana inanuka kama saluni. Siku alipolileta lile taya lilianza kupasuka mbele ya macho yake, ufa unatembea hivi, kwenye chonge. Alipagawa. Akaona sufuria hii hapa, ya moto tayari. Akalizamisha lote."

"Hakuwaambia chamani?"

"Wale? Wanamcheka mtu akija na soksi zisizofanana. Gundi ya fidla kwenye mbwamwitu wa kale, wangemwimbia mpaka kaburini. Akaniapisha." Akatazama pembeni. "Nilikuwa nimesahau kabisa, Mungu wangu. Kuna tatizo?"

"Nipe tone moja lililokauka, na sindano."

Avis alichokonoa tone gumu kwenye ukingo wa sufuria, akaliweka kwenye kigae. Verna alipasha sindano moto wa jiko, akagusa. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa karakana.

"Bi Avis," Verna alisema, "funga sufuria hiyo. Tunakwenda stesheni, na njiani utajiandaa kuvunja kiapo."

Saa tisa kasorobo Sikes alikuwa amekaa kichwani mwa meza, hati ya malalamiko mbele yake, kalamu juu ya hati. Bi Ozella alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, mkoba begani, aproni ameshaivua. Alikuwa ameambiwa asiondoke, kwa hiyo hakuondoka, lakini pia hakukaa.

"Bwana Sikes, kabla hujatia sahihi hati hii," Verna alisema. "Nahitaji bakuli la maji ya moto, pamba, na ulimi wako."

"Maji? Kwenye taya? Utaliharibu!"

"Si umesema ni la mbwa?"

Ni Bi Ozella aliyekwenda kuleta maji, akayaweka mezani.

Verna alichagua sehemu ya chini ya taya, pana kama sarafu. Aliiwekea pamba yenye maji ya moto, akahesabu sitini, akainua. Pamba ilitoka na rangi ya chai. Akaweka ya pili, ya tatu, ya nne. Alipomkabidhi Sikes ile ya tatu, vidole vya mzee viligandana, akawa anavitenganisha kwa kuvivuta kimoja kimoja.

"Gundi," Sikes alisema.

"Gundi ya ngozi ya ng'ombe," Avis alisema. "Ya baba. Aliwaficha, Bwana Harlan. Aliogopa mtamcheka."

"Emory aliniogopa mimi?"

Waliwasha feni ndogo, wakaielekeza kwenye taya, wakasubiri nusu saa. Avis alieleza mambo ya sufuria, Sikes aliuliza swali moja, halafu akawa anaikunja na kuikunjua miwani yake. Mfupa ulipokauka, pale palipooshwa palikuwa pamefifia, hapang'ai tena. Verna alipasha sindano, akagusa hapo. Moshi haukutoka. Akagusa kidole kimoja pembeni, palipobaki na gundi, na harufu ya nywele zilizoungua ikarudi.

"Ulimi, Bwana Sikes."

Mzee alilinyanyua taya kwa mikono miwili. Aliweka ulimi pale palipofifia, na likamshika. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, macho yamefumba, na alipolitoa machozi yalikuwa yamefika kwenye masharubu.

"Ni lake," alisema. "Ni la Emory. Halijawahi kuibwa."

"Halijawahi," Verna alisema. Aliichukua hati ya malalamiko, akaichana mara mbili, kisha akafungua daftari lake akaandika kwa herufi kubwa ili wote waone: hakuna kosa lililotendeka. Akaandika saa na tarehe. Alikuwa amefurahi, na hakujisumbua kulificha hilo.

Sikes alisimama. Alizunguka meza yote mpaka mbele ya Bi Ozella, akavua kofia.

"Ozella, nimekukosea."

"Umenikosea."

"Nilikuita mwizi mbele ya watu."

"Kumi na wanne. Niliwahesabu."

"Nitawaita wote. Nitawaambia." Hakuondoka pale mbele yake, na Verna, aliyekuwa anafunga boksi, aliona kwamba jambo halijaisha. "Kuna kingine. Jumatano nilimwandikia jaji."

Bi Ozella aliushika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Jaji gani?"

"Wa mambo ya watoto. Mji huu mdogo, nilisikia una kesi Jumatatu. Nikaona ni wajibu wangu ajue. Nikaipeleka mwenyewe, kwa mkono. Niliijua njia, miaka arobaini nilikuwa posta." Sauti ilikuwa inazama. "Karani alinipigia jana. Alisema jaji ameisoma."

Avis alisema neno ambalo baba yake asingelipenda. Verna alikuwa tayari ameshika simu, lakini ilikuwa Ijumaa, saa kumi kasorobo, na mahakama ile hufunga saa tisa na nusu. Ripoti yake ingeweza kufika kwenye meza ya jaji Jumatatu asubuhi, au Jumanne, kutegemea nani amewahi kazini na nani anaumwa mafua. Alilisema hilo kama lilivyo, kwa sababu Bi Ozella alikuwa ameshapita umri wa kuzungushwa.

"Inasema nini hiyo barua?" Bi Ozella aliuliza.

"Inasema wewe ni mwizi."

"Kwa maneno hayohayo?"

"Kwa maneno mazuri zaidi." Sikes alivuta kiti, lakini hakukaa. "Nitaandika nyingine. Sasa hivi. Nitaipiga muhuri wa chama, nitaweka picha ya taya, afande ataweka sahihi..."

"Hapana."

"Ozella..."

"Karatasi moja imeshanisema. Sitaki karatasi ya pili ikabishane nayo mezani, mimi nimesimama tu pembeni nasubiri ishinde ipi. Uje wewe. Jumatatu saa tatu kamili, mlango wa pili kushoto. Uvae tai."

"Mbele ya jaji."

"Mbele ya jaji, na karani, na yule bibi wa serikali aliyefungua friji langu. Uape, kisha useme."

Mzee aliigeuza kofia mikononi. Alikuwa mtu aliyejulikana mto wote kwa ulimi usiokosea, na sasa alikuwa anajaribu kuipata sentensi ya kwanza.

"Sijui nitasema nini," alisema.

"Utasema ulilamba mfupa ukanihukumu mimi."

"Jaji atacheka, Ozella."

"Acheke. Keziah atalala kwangu."